Jirani Asiyeulizwa Ukoo

Mtu nisiyemjua ana haki gani juu yangu? Sisi wa Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, tumezoea kulijibu swali hili kwa kumfanya mgeni ajulikane kwanza. Tunamsalimu, tunamuuliza ametoka wapi, ni mtoto wa nani, mama yake ni wa ukoo gani, na maulizo yakiisha ameshapata mahali pa kukaa na sahani ya ugali. Ni desturi njema, nami sina nia ya kuidharau. Lakini nadai kwamba ina kasoro tusiyoiona kwa sababu tumezaliwa ndani yake: inatanguliza kujuana, kisha ndipo unafuata wajibu. Ili kasoro hiyo ionekane wazi, inafaa tutazame mahali ambapo kujuana hakupo kabisa na ambapo watu hata hivyo wanakaa bega kwa bega kila siku. Katika zama zetu mahali hapo ni kituo cha treni ya chini ya ardhi katika mji mkubwa, kile ambacho ndugu zetu walio Ulaya hukiita metro.

Kituo ninachokichagua si kigeni kwa Wakongo. Ni Porte de Namur mjini Brussels, kilichofunguliwa mwaka 1970 kwa ajili ya tramu za chini ya ardhi na kuingizwa katika metro kamili mwaka 1988. Ukipanda ngazi zake unatokea kwenye mtaa wa Matonge, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, na karibu na hapo ndipo ulipozinduliwa uwanja wa Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Juu, kati ya saluni na maduka ya vitenge na ndizi, watu wanaitana kwa majina, wanashikana mikono, wanaulizana habari za nyumbani kwa Kilingala, Kifaransa na Kiswahili. Chini, watu walewale, dakika tano baadaye, wanasimama kimya kando ya reli wakitazama simu au ukuta. Jambo hili linatufundisha tangu mwanzo kwamba ukimya ule si tabia ya Wazungu peke yao, bali ni tabia ya mahali. Tangu London ilipofungua reli ya kwanza ya aina hii tarehe 10 Januari 1863, kila mji ulioichimba umepata ukimya unaofanana, na Cairo, iliyotangulia Afrika nzima mwaka 1987, inajua pia maana ya kusongamana na watu usiowajua. Wana wa Fizi nao wamo humo. Wengi wa waliokimbia vita na kuvuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na boti mwaka 1996 na kupokelewa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, baadaye walihamishiwa Marekani, Kanada na kwingineko, na baadhi yao leo wanakwenda kazini wakipitia vituo vya namna hii. Wakipiga simu nyumbani, lalamiko lao mara nyingi ni moja: huku watu hawasalimiani.

Shtaka hilo limeshatolewa na wasomi pia. Georg Simmel, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliona mwaka 1908 kwamba kabla ya mabasi, treni na tramu za karne ya 19, binadamu hawakuwahi kuwekwa katika hali ya kutazamana kwa dakika nyingi, hata kwa saa, bila kusemezana. Marc Augé, Mfaransa aliyeanza kazi yake kwa kuchunguza jamii za Côte d'Ivoire kabla ya kugeuka na kuuchunguza mji wake wa Paris, aliandika mwaka 1992 juu ya sehemu za kisasa ambazo mtu hupita bila kuacha uhusiano wala historia. Wengi wamelichukua wazo lake na kulitupia metro, ingawa yeye mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu metro ya Paris, alionyesha jinsi majina ya vituo yanavyobeba kumbukumbu za maisha ya abiria. Shtaka lenyewe ni zito kwa mtu wa dini. Ikiwa wanadamu mia moja wanaweza kukaa pamoja chini ya ardhi bila hata mmoja kutambua kwamba mwenzake yupo, basi amri ya kumpenda jirani imekufa pale, na kituo kile ni mfano wa kaburi la watu walio hai.

Hukumu hiyo inadhani kwamba asiyesalimu hajali, na dhana hiyo imewahi kupimwa palepale chini ya ardhi. Mwaka 1968 watafiti wa New York, Irving Piliavin, Judith Rodin na Jane Piliavin, walipanga jaribio ndani ya treni iliyokwenda kwa takriban dakika saba na nusu bila kusimama kati ya mtaa wa 59 na wa 125. Mmoja wa wasaidizi wao alianguka ghafla sakafuni. Safari nyingine alishika fimbo kama mgonjwa, safari nyingine alinuka pombe na kushika chupa. Jaribio lilirudiwa mara 103, mbele ya abiria wapatao 4,450, na matokeo yakachapishwa mwaka 1969. Mwenye fimbo alisaidiwa na abiria wenyewe, bila kuombwa, mara 62 kati ya 65. Aliyeonekana mlevi alisaidiwa mara 19 kati ya 38. Watafiti walitarajia kwamba kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo kila mmoja angemwachia mwenzake mzigo, lakini hawakuliona jambo hilo. Mara nyingi, baada ya mmoja kuinuka, wengine walimfuata. Wale waliokuwa kimya kama kuta dakika moja kabla walipiga magoti sakafuni kumwinua mtu ambaye hawakujua jina lake, na hawakumuuliza.

Kama kinachowafanya watu wapite bila kusaidia si wingi wa watu wala kutojuana, ni nini basi? Jibu moja lilitoka mwaka 1973, kwa John Darley na Daniel Batson, waliowachukua wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, vijana waliokuwa wakisomea kazi ya Mungu. Baadhi yao waliagizwa wakahubiri mfano wa Msamaria mwema katika jengo la pili, wengine mada nyingine, na njiani wote walimkuta mtu ameinama mlangoni akikohoa na kulalamika. Kuhubiri mfano ule hakukuleta tofauti kubwa. Kilicholeta tofauti ni haraka. Kati ya walioambiwa kwamba wana nafasi ya kutosha, asilimia 63 walisimama kusaidia. Kati ya walioambiwa kwamba wamechelewa, asilimia 10 tu. Methali yetu juu ya haraka na baraka humwonya mwenye haraka kwamba atajiumiza mwenyewe. Utafiti huu unaongeza onyo zito zaidi: anayekosa baraka ni yule aliyelala njiani, na anayemnyima anaweza kuwa mhubiri mwenye maandiko sahihi mdomoni, anayejua kabisa wajibu wake, ila anasubiriwa mahali pengine.

Sasa turudi kwenye maandiko yenyewe. Katika Injili ya Luka, mtu aliyeuliza jirani ni nani alitaka mpaka: ajue ni wapi wajibu unaanzia na wapi unaishia. Yesu hakumpa mpaka, alimpa mtu aliyepigwa. Tuangalie kwa makini hali ya mtu huyo. Wanyang'anyi walikuwa wamemvua nguo na kumwacha nusu mfu. Kwa hiyo alikuwa amepoteza alama mbili ambazo watu wa nchi ile walizitumia kutambuana, yaani mavazi na lafudhi. Hakuna aliyeweza kujua kabila lake, na Msamaria, ambaye watu wake na Wayahudi hawakuchangamana, hakungoja kujua. Nayo Kurani, katika sura ya An-Nisaa, aya ya 36, inapotaja wanaostahili wema, haiishii kwa wazazi, jamaa na jirani aliye na ujamaa. Inamtaja pia jirani asiye wa karibu, mpita njia, na mwenzi aliye ubavuni, ambaye wafasiri wengi wamemweleza kuwa ni pamoja na mwenzi wa safari, mtu ambaye umekutanishwa naye na njia tu. Dini mbili zilizo kubwa katika Baraka, zenye makanisa na misikiti inayosikilizana sauti, zinakubaliana hapa: kukaa ubavuni pa mtu kunatosha kuzaa wajibu. Kujuana ni neema inayoongezwa juu yake. Behewa la metro, ambamo hakuna kitu kingine kinachounganisha watu isipokuwa ubavu kwa ubavu, linaliweka fundisho hilo mbele yetu likiwa tupu, bila vazi la undugu.

Fundisho hilo ni la lazima zaidi kwetu kuliko kwa watu wa Brussels, kwa maana Fizi imeonja matokeo ya utu unaosubiri ukoo utajwe. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 kuhusu maovu yaliyofanyika Kongo inaeleza jinsi, mwezi Septemba 1996, raia zaidi ya 100 wa jamii ya Banyamulenge walivyouawa katika kijiji cha Lueba, na jinsi, kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, zaidi ya raia 800 walivyouawa na wanajeshi Makobola na vijiji vya jirani. Sitaji matukio haya ili kupima damu ya nani ilikuwa nyingi. Kila uhai ulikuwa wa Mungu. Nayataja kwa sababu Lueba haikuwa kijiji cha wageni. Watu wa nchi hii walikuwa wamesalimiana sokoni kwa miaka, wameuziana ng'ombe na samaki, wameimba katika makanisa mamoja. Kujuana kwao hakukuwa ngao. Swali la ukarimu, lile la wewe ni mtoto wa nani, liligeuka kuwa swali la hukumu, na jibu lake likaamua nani aishi. Wajibu ukijengwa juu ya ukoo, anayeubomoa hahitaji kuubomoa moyo mzima. Anahitaji tu kumwondoa mtu katika orodha ya ukoo. Ndiyo maana nasema kasoro ya desturi yetu ni ya msingi. Ukarimu wetu ni mkubwa, lakini una mlango, na kwenye mlango huo amewekwa mlinzi anayeuliza jina.

Nasikia pingamizi la kwanza. Watu wa New York, atasema mtu, walisaidia kwa sababu walikuwa wamefungiwa ndani ya behewa na hawakuwa na pa kukimbilia. Ni kweli, na watafiti wenyewe walilitaja jambo hilo. Wapo hata waliosogea kando na mahali alipoangukia mtu, ingawa hawakuweza kutoka. Lakini tufikiri maana yake. Kuhani na Mlawi katika mfano wa Luka walikuwa na upande wa pili wa barabara. Ndani ya behewa upande wa pili haupo. Basi mahali penyewe panaweza kuusaidia moyo au kuupotosha, na wema hautegemei moyo peke yake kama tunavyopenda kuhubiri. Tulinganishe njia mbili za kuingia. Mlango wa metro unauliza tiketi tu, na bei ya tiketi haibadiliki kwa sababu ya jina la babu yako. Barieri zilizowekwa kwenye barabara zetu za Kivu zinauliza pesa na jina kwa pamoja, na sauti ya anayeuliza hubadilika akisikia jibu. Anayepita barieri kila siku, mwaka baada ya mwaka, anafundishwa kwamba utu una bei tofauti kwa watu tofauti. Mhubiri anayetaka wema Jumapili au Ijumaa na kunyamaza juu ya barieri siku nyingine ameacha nusu ya kazi yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: utaratibu wa kituo si upendo. Watu hupanga foleni kwa sababu ya kamera na faini, na aliye mweusi au maskini anajua kwamba macho ya walinzi humfuata. Sibishi. Hata katika jaribio la New York, mtu aliyeonekana mlevi alielekea kusaidiwa zaidi na watu wa rangi yake, dalili kwamba chuki hushuka ngazi pamoja na abiria. Metro haijaponya dhambi. Lakini utaratibu hauwezi kueleza yote yanayotokea chini. Tarehe 2 Januari 2007, katika kituo cha mtaa wa 137 mjini New York, kijana aliyepatwa na kifafa alianguka relini treni ikija. Wesley Autrey, fundi wa ujenzi aliyekuwa na binti zake wawili, aliruka, akamlalia kijana yule katikati ya reli, na mabehewa yakapita juu yao wote wawili wakabaki hai. Hakuna faini ingemwadhibu kama angebaki juu. Autrey alikuwa mweusi, kijana alikuwa mweupe, na hawakuwa wamewahi kuonana. Na asubuhi ya tarehe 22 Machi 2016, bomu lilipolipuka ndani ya treni katika kituo cha Maelbeek, Brussels, siku ambayo mashambulizi pale na uwanja wa ndege yaliua zaidi ya watu 30, abiria walitembea juu ya reli ndani ya handaki lililojaa moshi. Aliyelipua bomu aliwaona wote kuwa kundi moja lisilo na sura. Waliobaki hai waliwashika mikono watu waliokuwa karibu, na ndivyo walivyoukanusha uongo wake kwa matendo.

Pingamizi la tatu ndilo linalonigusa zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Kituo kinaweza kumwinua aliyeanguka, lakini hakimsindikizi. Gari la wagonjwa likishakuja, mlango unafungwa, treni inaondoka, na hakuna abiria atakayekwenda hospitalini kesho yake na uji. Msamaria hakuishia barabarani. Alimpeleka mtu kwenye nyumba ya wageni, akakesha naye, akalipa, akaahidi kurudi. Sehemu hii ya pili ya ujirani, ile ya kurudi, sisi tunaijua kuliko miji yote yenye metro. Tunajua kukaa matangani siku nyingi, kuchanga pesa za mazishi, kumlea mtoto wa marehemu bila karatasi ya hakimu. Tunayo lubunga ya Wabembe, ambamo wazee hukaa kusikiliza kesi hadi wagomvi wapatane, hata kama itachukua juma zima. Ndugu zetu wanaolia kwamba Ulaya hakuna salamu wanalilia jambo la kweli. Kwa hiyo sisemi kwamba kituo kinatosha. Kituo kina mwanzo wa ujirani usio na mwendelezo, nasi tuna mwendelezo ambao mara nyingi haufiki kwa asiye wetu, kwa sababu kwake mwanzo haukufanyika.

Labda mtu atasema mwisho kwamba haya ni mazungumzo ya mbali, katika nchi ambayo safari ya kutoka Uvira hadi Baraka bado ni mateso wakati wa mvua, na ambayo chini ya ardhi yake kuna mashimo ya dhahabu tu. Lakini tazameni ni nani anayeshuka katika mashimo ya Misisi: vijana kutoka majimbo mbalimbali, wasiojuana, ambao uhai wa kila mmoja unategemea kama aliye juu ataishikilia kamba vizuri. Tazameni boti zinazopakia abiria ufukweni Baraka, au kambi ya Lusenda ambako Warundi wamekaa tangu 2015 kwenye ardhi ya Fizi, au wakimbizi wa ndani wanaoshuka kutoka Milima ya Itombwe kila vita vinapowaka. Fizi tayari imejaa watu waliowekwa ubavuni mwetu na njia, bila sisi kuwachagua. Tofauti yetu na abiria wa Porte de Namur ni kwamba sisi tunadhani tuna muda wa kuchunguza kwanza. Na muda huo wa kuchunguza unafanya kazi ileile ambayo haraka ilifanya Princeton: unampa mtu mwema sababu ya kupita.

Ninachodai kinaweza kufanyika bila reli hata moja. Desturi yetu ibaki, maswali yake yabaki, ila yahamishiwe mahali pake. Maji, kitanda, kamba ya kumtoa shimoni, nafasi katika mtumbwi, haki ya kupita barabara: haya yatolewe kabla jina halijatajwa, kwa kila mtu, Mbembe, Munyamulenge, Mfuliiru, Mrundi, na yule ambaye hatutajua kamwe ni nani. Lubunga na baraza za makanisa na misikiti ziwahesabu kuwa wamevunja amri wale wanaouliza ukoo wa mtu anayevuja damu, hata kama hawakumgusa. Wachungaji, mapadri na masheikh wahubiri ujirani wakiwa kwenye barieri na kwenye gati, mahali unapojaribiwa, si mimbarani peke yake. Kisha, jeraha likishafungwa, tuketi na mgeni kama tunavyojua kuketi, tumuulize ametoka wapi na mama yake ni nani, tumpe jina kati yetu na tusimwache. Mungu ametupa kipaji cha kukaa na watu muda mrefu kuliko safari ya treni. Kipaji hicho kitakuwa cha haki siku ambayo hakuna atakayelazimika kuwa wa ukoo wetu ili kukipata.